Dada yangu, kuingia thieta si kumkana Mungu



Leo sina neno laini. Nimekasirika, na mtu wa kwanza ninayemkasirikia ni mimi mwenyewe.

Miaka kadhaa iliyopita dada mmoja wa kanisa letu alinijia ofisini na karatasi ya picha ya tumbo. Fibroidi. Daktari alishampa tarehe ya upasuaji. Akaniuliza, "Pastor, niende ama tuombe?" Nikamwambia asogeze tarehe, tufunge siku 21 kwanza. Siku ya 16 akaanguka steji akingoja matatu. Damu ilikuwa imemwishia mwilini kiasi kwamba hospitali ililazimika kumwongezea kwanza kabla hata ya kuzungumzia kisu. Alipona, utukufu kwa Mungu. Lakini nilipokaa kwenye benchi nje ya wodi nilijua kwamba ule muujiza niliutaka kwa ajili ya jina langu.

Ndiyo maana siwezi kunyamazia ile video inayozunguka kwenye magrupu yetu ya WhatsApp wiki hii. Mtumishi anasema fibroidi ni mimba ya mume wa kiroho, na kwamba anayekubali kupasuliwa amejifungia mlango wa uponyaji. Chini ya video kuna nambari ya kutumia mbegu. Unaogopeshwa kwanza, halafu unalipishwa.

Fibroidi ni uvimbe unaoota kutoka kwenye misuli ya kizazi chenyewe. Unalishwa na homoni za mwanamke, na kwa kawaida husinyaa baada ya hedhi kukatika. Ni nadra sana kuwa saratani. Wanawake weusi wanaupata zaidi, na mapema zaidi. Wengi wanao na hawajui, na usiokusumbua huenda usihitaji kuguswa kabisa. Kama kweli ni mume wa kiroho, basi ameoa karibu kila boma, hata nyumbani kwa wachungaji.

Mnapenda kumtaja yule mama wa Marko 5. Nami nampenda. Alitokwa na damu miaka 12 na alikuwa amemaliza mali yake kwa waganga. Nionyesheni mahali Yesu alipomgombeza kwa kwenda kwao. Luka, ambaye naye aliandika habari zake, Paulo anamtaja kuwa tabibu katika Wakolosai 4. Na someni Mwanzo 2 polepole: Mungu alimlaza Adamu kwanza, ndipo akamfungua ubavu, na hakuondoka kabla ya kufunga alipofungua.

Kuna mama mmoja wa Kentucky, Marekani, aliyeitwa Jane Todd Crawford. Mwaka 1809, siku ya Krismasi, daktari Ephraim McDowell alimpasua nyumbani kwake akamtoa uvimbe wa kilo kama 10. Wake ulikuwa wa ovari, haukuwa fibroidi, lakini sikiliza. Dawa ya usingizi ilikuwa haijajulikana. Inasimuliwa kwamba alilala juu ya meza akikariri Zaburi huku kisu kikipita. Akaishi miaka mingine 32. Nani atasimama aniambie huyo mama hakuwa na imani?

Sasa niongee na wewe uliye na karatasi kwenye mkoba na hujamwonyesha mtu.

Kisu si kimoja. Uvimbe unaweza kutolewa na kizazi kikabaki. Madaktari wanaita miomektomi. Kama umeota ndani, pale mtoto anapokaa, mara nyingi unafikiwa kwa kupitia njia ya uzazi bila kuchanjwa tumbo, na baada ya siku chache umerudi kazini. Mwingine hutolewa kwa matundu madogo na kamera. Ukiwa mikubwa au mingi, tumbo hufunguliwa, na hapo hesabu kama wiki 6 za kupumzika, si kurudi shambani Jumatatu. Uliza pia hasara zake: uvimbe mpya unaweza kuota baadaye, na ukishika mimba huenda ukashauriwa ujifungue kwa upasuaji. Kuna vilevile njia ya kuziba mishipa inayoulisha kwa mrija mwembamba unaopitishwa pajani au mkononi. Haipatikani kila mahali, na kama bado unatafuta mtoto kwa kawaida si ya kwanza kushauriwa.

Halafu kuna kutoa kizazi chote. Hapo fibroidi hazirudi, wala hedhi, na mimba haipo tena. Ni uamuzi mzito, lakini kwa mama mwingine ndio unaomwachia maisha. Mara nyingi ovari huachwa, na homoni zinaendelea. Wewe unayemnong'ona mwenzako kwenye kwaya kwamba "si mwanamke kamili", nyamaza kwa jina la Yesu. Na mzee unayemkataza mkeo kwa sababu mama yako anataka wajukuu, mbona zile sodo za pakiti mbili kwa siku huzihesabu?

Madaktari nao wasidhani nimewasahau. Wapo wanaoandika "toa kizazi" kwa msichana wa miaka 30 bila kumweleza kitu. Sheria ya Afya ya 2017 ya nchi hii inamtaka mhudumu akueleze njia za matibabu zilizopo, faida, hatari na gharama zake, kwa lugha unayoielewa. Kwa hivyo muulize, "Kwa nini hii na si ile?" Akikasirika, tafuta mwingine. Ile pesa uliyotaka kumtumia mtumishi wa video, lipia SHA yako.

Na kama hedhi ilishakatika kisha damu ikarudi, usiningoje mimi. Nenda ukaangaliwe wiki hii.

Kuomba tutaomba. Tutaomba kabla, tutaomba ukiwa ndani, na tutaomba ukizinduka. Lakini sitawahi tena kumwambia mtu asogeze tarehe.

Dada yetu mmoja anaingia thieta Jumanne. Ameniruhusu niseme hivyo, jina amebaki nalo. Hospitali imeomba watu wa kutoa damu, kundi lolote. Wanaume wa kanisa, Jumamosi saa mbili asubuhi tukutane hapo langoni, basi la kanisa litatupeleka. Safari hii hakuna kufunga. Kunyweni chai na mkate mje.