Elimu ya Mvua Ifike Mashambani

Ndugu wafanyakazi, tangu mwaka 1998 wataalamu wa nchi zetu hukutana kabla ya misimu ya mvua kutabiri hali ya hewa ya Afrika Mashariki na Pembe ya Afrika. Ni kazi njema. Lakini mazungumzo hayo mara chache humfikia mchuma chai anayelipwa kwa kilo. Mvua ikikosekana, majani hupungua na ujira wake hupungua.

Mwaka 2019 maji ya Bahari ya Hindi upande wetu yalipata joto kupita kawaida, ya upande wa Indonesia yakapoa, na vuli ikaleta mafuriko. Jambo hilo laeleweka likielezwa kwa Kiswahili.

Twadai wataalamu waje mashambani na viwandani, wakati wa kazi, bila mtu kukatwa mshahara. Anayenyeshewa ndiye astahiliye kuelezwa kwanza.