Bibi wa Baharini



Juzi jioni nilikuwa jikoni namenya ndizi pamoja na mama mkwe wangu, hapa kwetu Buganguzi. Mwanangu wa darasa la tano akaja na daftari lake akauliza, "Mama, nyangumi anaishi miaka mingapi?" Sisi watu wa Muleba tunamjua sangara, sato na dagaa wa ziwani. Nyangumi tumemsikia kwa jina tu. Nikamwambia asubiri nitafute. Bibi yake, bila kuinua macho kutoka kwenye ndizi, akasema, "Uliza pia kama ananizidi mimi."

Nimetafuta, na kumbe inategemea ni nyangumi yupi. Nyangumi wa bluu, ambaye ndiye mnyama mkubwa kuliko wote duniani, hufikia urefu wa karibu mita 30 na uzito unaozidi tani 100, na anaweza kuishi miaka 80 au 90. Yupo mwingine anayeishi kwenye barafu ya kaskazini kabisa ya dunia. Mwaka 2007 wawindaji wa Alaska walimpasua mmoja wa aina hiyo wakakuta ndani ya mwili wake kipande cha chombo cha kuwindia kilichotengenezwa kabla ya mwaka 1900! Alikuwa ametembea nacho zaidi ya miaka 100. Wataalamu wanaamini wenzake wengine hupita miaka 200.

Hata pwani yetu ya Tanzania nyangumi wapo. Kati ya Julai na Novemba hivi, nyangumi wenye nundu huja kutoka baharini kwenye baridi kali ya kusini, wakafika mpaka maji ya Mtwara, Mafia na Zanzibar kuzaa na kunyonyesha. Mimba yao ni ya miezi 11 hadi 12, na mtoto huzaliwa ana urefu wa mita 4 na zaidi. Mama mzima huyo hali kitu cha maana muda wote akiwa huku kwetu. Ananyonyesha kwa mafuta aliyojiwekea mwilini. Sisi tunaodai uji wa uzazi kila saa tunayo ya kufikiri.

Lakini aliyenishika moyo ni mwingine, yule anayeitwa nyangumi muuaji, au oka. Kwa kweli ni wa ukoo wa pomboo, mweusi mwenye mabaka meupe. Dume hufikia mita 8 au 9, na pezi lake la mgongoni husimama kama mtu mzima. Jike ni mdogo kidogo. Lakini umri ndio jambo la ajabu. Dume kwa kawaida hufa akiwa na miaka 30 hivi, na ni wachache wanaofika 60. Jike huacha kuzaa akikaribia miaka 40, kisha anaendelea kuishi, wengine mpaka miaka 80 na zaidi.

Akina mama, jambo hilo ni nadra mno kwa wanyama. Ng'ombe wetu, mbuzi, kuku, karibu wote huzaa mpaka uzee wao wa mwisho. Wanyama ambao majike yao huacha kuzaa kisha yakaishi miaka mingi wanahesabika: aina tano za nyangumi wenye meno, na sisi binadamu. Mwaka 2023 wataalamu waliandika pia juu ya sokwe wa Ngogo, katika msitu wa Kibale huko Uganda, jirani zetu kabisa.

Sasa kwa nini oka aishi bure miaka 40? Ndivyo watu walivyouliza. Katika pwani ya mpaka wa Marekani na Kanada, tangu miaka ya 1970, wataalamu wamekuwa wakiwapiga picha oka hao, wakimjua kila mmoja kwa pezi lake na alama za mgongoni, na wakiandika nani kazaliwa na nani na nani kafa. Huko watoto, wa kike kwa wa kiume, hawahami. Hukaa na mama yao maisha yote. Waliona kwamba samaki aina ya samoni wakiadimika, anayetangulia mbele kuongoza kundi ni jike mzee. Yeye ameona miaka mingi ya njaa, anakumbuka samaki hupatikana wapi.

Mwaka 2019 wakatoa hesabu nyingine. Mtoto aliyefiwa na bibi yake mzaa mama katika miaka miwili iliyopita yumo katika hatari ya kufa mara nne na nusu zaidi ya yule ambaye bibi yake angali hai. Na kwa hesabu yao ya awali, dume la miaka 30 na zaidi likifiwa na mama, hatari ya kufa katika mwaka unaofuata huongezeka karibu mara 14. Wale madume humegewa samaki na mama zao hata wakiwa wakubwa. (Msinicheke, nami nina mtoto wa kiume.)

Hapo niliweka karatasi chini. Mkoa wetu wa Kagera ndiko walikogunduliwa wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini, mwaka 1983. Ninyi mliokuwapo mnajua yaliyofuata. Mama mkwe wangu alizika binti wawili na mtoto wa kiume, akabaki na wajukuu saba na kibanja cha migomba. Uzazi wake ulikuwa umekwisha zamani. Yeye ndiye aliyejua magimbi yalipo ndizi zikipungua, na ni kwa mnunuzi gani kahawa isipunjwe. Wote saba walikua. Mmoja wao ndiye anayetulipia bili ya umeme hapa nyumbani.

Nitasema ukweli. Mwezi uliopita mimi na baba watoto tulikuwa tumezungumza usiku kwamba sasa apelekwe kwa shemeji, Bukoba mjini, kwa kuwa nyumba imebana, na kwa kuwa anapenda kurekebisha kila ninalopika. Nilikuwa nimekwisha hesabu hata nauli. Habari hiyo hatujaizungumza tena, na chumba cha uani tumeanza kukipiga lipu.

Jana nikampa mwanangu jibu la daftari lake, naye akamsomea bibi kwa sauti. Kwa hesabu yake mwenyewe bibi ana miaka 87. Akasikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza, "Huyo mzee wa baharini ana meno mangapi?" Mtoto akaangalia karatasi. "Arobaini na kitu, bibi." Akacheka mpaka akakohoa, kwa maana yake yamebaki manne, akasema basi hapo kashindwa, na akaomba ndizi zipikwe zilainike.