Tusipake rangi juu ya rangi

Sisi tuko kambi ya Kinama, hapa Gasorwe, Muyinga. Leo tunaomba tuongelee kitu kidogo. Kidogo kweli, urefu wake haufiki hata kidole.

Mwenzetu mmoja anayekaa Gitega alituletea boksi. Familia moja ya wageni ilikuwa inarudi kwao Ulaya, ikamwachia vitu agawie vijana. Ndani tulikuta vitabu, karata, na sanamu ndogo za askari zaidi ya mia moja. Nyingi ni za plastiki, chache za chuma, zote zimepakwa rangi. Kule Ulaya huo ni mchezo hata wa watu wazima: wanapanga majeshi mezani, wanarusha dadu, wanapima hatua kwa mkanda wa fundi. Mwandishi Mwingereza H. G. Wells aliutungia kitabu cha sheria kinachoitwa Little Wars, mwaka 1913. Hoja yake ilikuwa kwamba vita ya mezani ni bora kuliko ile ya kweli. Mwaka uliofuata, ile ya kweli ikaanza.

Basi tukaziweka kwenye senta ya vijana, tukafikiri tumepata mchezo. Siku ya kwanza tu, mtoto mmoja wa miaka minane, aliyezaliwa hapa kambini na hajawahi kukanyaga Kongo, akaanza kuzigawa. Wenye madoa ya kijani huku, wenye rangi ya udongo kule. Kila fungu akalipa jina, na yale majina sote tunayajua, ndiyo yaliyotufanya tukimbie. Halafu akamuuliza mwenzake: "Nyinyi kwenu ni wa upande gani?" Yule mwingine akanyamaza, akaondoka. Kesho yake hakuja.

Hakuna mwalimu aliyemfundisha hayo. Ameyasikia kwetu, kwenye foleni ya maji na usiku nyumbani, tukidhani amelala.

Tulipokaa kujadili, mama mmoja akasema zitupwe chooni, yaishe. Kaka mmoja akasema tupake rangi nyingine juu, kazi ya saa moja. Mwingine akauliza, na haki yake: posho imepunguzwa, watu wanalala njaa, na nyinyi mnataka kuchanga pesa za kusafisha vidoli?

Sisi tunasema hivi: zisitupwe, maana watoto hapa hawana vitu vya kuchezea. Lakini zisipakwe rangi juu ya rangi. Ile ya zamani itolewe kwanza, mpaka plastiki yenyewe ionekane.

Kusema ukweli, ile ya kupaka juu tulishaijaribu kwa sanamu kumi. Rangi ikawa nene, nyuso zikazibika, hata macho hayaonekani. Tena rangi mpya haishiki vizuri juu ya ya zamani yenye mafuta ya mikono. Wiki mbili hazikwisha, kucha za watoto zimeshabandua pembeni, na pale chini yale madoa ya kijani yanachungulia tena. Yule mtoto akacheka: "Yaya, huyu amejificha tu, mimi ninamjua."

Sababu ya pili ni afya. Rangi za zamani, hasa za mafuta, zinaweza kuwa na risasi. Hatusemi risasi ya bunduki, tunasema yale madini mazito. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi mwilini kinachojulikana kuwa salama. Inadhuru ubongo wa mtoto, na mtoto mdogo kila kitu anatia mdomoni. Na sanamu za chuma za miaka ya zamani, kabla ya miaka ya 1990, nyingi zilitengenezwa kwa chuma chenye risasi. Kwa macho huwezi kuzitofautisha. Kwa hiyo zetu zote za chuma tumezifungia kwenye kopo, hatuzigawi hata zikisafishwa.

Sasa, kwa wanaotaka kufanya hii kazi huko kwenu, tafadhali msikwangue kwa kisu wala kusugua kwa msasa rangi ikiwa kavu, maana vumbi lake ndilo sumu. Msichome moto. Msitumie petroli ndani ya nyumba za kambi, mnajua wenyewe moto unavyokimbia hapa. Na ile dawa ya kutoa rangi ya kucha, asetoni, inayeyusha plastiki. Mmoja wetu aliijaribu, askari akabaki kama ubani uliotafunwa.

Sisi tulitumia alkoli ya kusafishia vidonda, ile ya famasi. Weka sanamu kwenye chupa yenye kifuniko, mwaga alkoli mpaka izifunike, acha saa chache au usiku mzima. Jaribu moja kwanza, si zote. Rangi ikilegea, sugua taratibu kwa mswaki wa zamani, ukiwa na glavu, nje penye hewa na mbali na jiko. Penye ugumu, rudisha tena ndani, usilazimishe. Ukimaliza, osha kwa maji na sabuni. Dettol pia inalegeza rangi, lakini isafishe kwa Dettol yenyewe kwanza kabla ya maji. Ukikimbilia maji, ile rangi inageuka kitu cha kunata na utaanza upya. Alkoli iliyotumika usiimwage kwenye mfereji wa bomba. Iache itulie, uchafu ukae chini, ile safi ya juu utumie tena. Uchafu wenyewe ufungwe kwenye kopo. Na kazi hii ni ya watu wazima. Watoto waitwe siku ya kupaka, si siku ya kusugua.

Kumbe ukitoa rangi, unakuta wote ni plastiki moja ya kijivu. Hakuna wa huku wala wa kule. Na bunduki je? Zile zilizokubali tumezikata kwa wembe. Wengine wamebaki na mkono mtupu, watoto wanasema amebeba jembe. Yule wa miaka minane amempaka wake nyekundu, nyeupe na kijani, anasema ni mpiga ngoma wa Burundi. Mwingine ametengeneza golikipa. Yule aliyeondoka siku ya kwanza amerudi, ingawa bado anakaa peke yake pembeni.

Wapo watakaosema kufuta ni kusahau. Hapana. Pale Gitega kuna Makumbusho ya Taifa, yapo tangu 1955. Kule kitu cha kale kinatunzwa na alama zake zote, na ukikwangua rangi umeharibu. Ni sawa kabisa, kumbukumbu ina mahali pake. Hata sisi tunataka watoto wetu wajue tulitoka wapi na kwa nini. Lakini waambiwe na mtu mzima anayekaa chini na kujibu maswali yao. Wasiokote vipande vipande kwenye foleni ya maji.

Na kwa yule kaka aliyeuliza kuhusu posho: alkoli ilikuwa chupa mbili, tumechanga sisi wenyewe, mtu hakukosa chakula kwa ajili yake. Tungekuwa na uwezo wa kurudisha posho tungeanza na hiyo. Hatuna. Hiki tulikuwa na uwezo nacho.

Bado tuna sanamu kama arobaini. Mwenye mswaki wa zamani au glavu alete senta Jumamosi asubuhi. Na sisi wakubwa, usiku tukianza zile stori zetu za nani alimfanyia nani, tuangalie kwanza kama mtoto amelala kweli.