Mkoba wa Birkin na Kikapu cha Mafia: Jina ni la Nani?

Mkoba wa Birkin, ambao kampuni ya Hermès ya Ufaransa imekuwa ikiutengeneza tangu mwaka 1984, una nasaba inayostahili kufahamika katika kisiwa cha Mafia nchini Tanzania, kwa sababu chimbuko lake ni kikapu. Jane Birkin, mwigizaji na mwimbaji Mwingereza aliyejipatia umaarufu Ufaransa, alitembea kwa miaka mingi na kikapu cha kusukwa kutoka Ureno. Na kama inavyosimuliwa, vitu vyake vilipomwagika ndani ya ndege iliyokuwa ikitoka Paris kwenda London, jirani yake kitini alikuwa Jean-Louis Dumas, mkuu wa Hermès, na hapo ndipo yalipoanza mazungumzo juu ya mkoba wa ngozi unaoweza kubeba mahitaji yote ya mama mwenye mtoto mchanga. Mkoba ulipewa jina la aliyeubeba. Aliyekisuka kile kikapu cha Ureno hatajwi popote katika simulizi hiyo.

Tarehe 10 Julai 2025, mkoba wa kwanza kabisa wa aina hiyo, uliokuwa mali ya Birkin mwenyewe, uliuzwa kwa mnada wa Sotheby's mjini Paris kwa yuro milioni 8.6, ingawa ngozi yake nyeusi ilikuwa imechakaa na ilikuwa bado na alama za stika zilizobanduliwa. Kilicholipiwa ni kile ambacho elimu ya jamii hukiita thamani ya ishara, yaani thamani ambayo kitu hupata kutokana na yale kinayowaambia watu wengine juu ya mwenye nacho, mbali na kazi kinayoifanya. Ishara hiyo hulindwa kwa uhaba wa makusudi: Birkin mpya huuzwa kwa zaidi ya dola 10,000, na bado mteja mwenye fedha mkononi huweza kungojeshwa muda mrefu kabla ya kuuziwa.

Uhaba wa kikapu cha Mafia ni wa aina nyingine, nao hautokani na hila ya soko. Kikapu cha kisiwani huanzia kwenye majani machanga ya mkindu au ya mkoche, ambayo huchanwa, huanikwa juani, na yanayohitaji rangi huchemshwa pamoja nayo. Kisha husukwa ukili, yaani utepe mrefu wa majani yaliyopishanishwa, na ukili huo ndio unaozungushwa na kushonwa kwa sindano mpaka uwe kikapu, mkeka au kawa la kufunikia chakula. Kazi hii ni ya wanawake, na hufanywa vipande vipande, kati ya shamba na jiko, kiasi kwamba saa zake ni vigumu kuhesabika na kwa sababu hiyohiyo hazilipwi. Mwanaanthropolojia Pat Caplan, aliyeanza utafiti wake kaskazini mwa Mafia mwaka 1965, alionyesha kwamba mume na mke wa huko huwa na mali zilizotengana. Kwa utaratibu huo, fedha ya ukili ni fedha ya mwanamke mwenyewe, na mjadala wowote juu ya bei ya kikapu ni mjadala juu ya uhuru wake.

Swali la umma, basi, ni kama kikapu hiki nacho kipewe jina na bei ya anasa. Wanaosita wana hoja nzito. Bidhaa inayogeuzwa kuwa ya kifahari huweza kumtoka mwenyeji wake, mikindu inaweza kukatwa kupita kiasi, na mfanyabiashara wa mjini anayetia bitana na mikanda ya ngozi ndiye atakayebandika nembo yake na kuchukua faida. Hata hivyo, hatari hiyo ya mwisho ni sababu ya kuharakisha wala si ya kungoja, kwa kuwa jina lisilosajiliwa na wenyewe huwa wazi kwa yeyote. Serikali ya Tanzania ilipopiga marufuku mifuko ya plastiki tarehe 1 Juni 2019, nafasi ilifunguka kwa vikapu, lakini sehemu kubwa yake ilijazwa na mifuko mbadala ya viwandani, ambayo hupatikana haraka na kwa bei ambayo mkono wa msukaji hauwezi kushindana nayo. Somo la Hermès linafaa hapa kwa upande mmoja tu: kazi ya mkono haiokolewi kwa kushusha bei.

Sheria ya Alama za Biashara na Huduma ya mwaka 1986, ambayo kwa Tanzania Bara husimamiwa na Wakala wa Usajili wa Biashara na Leseni (BRELA), inakiwezesha chombo kilichosajiliwa, kama vile ushirika wa wasukaji, kumiliki alama yake. Na lebo yenye jina la kijiji na la msukaji ingefanya kile ambacho Birkin haikufanya, yaani kumtambulisha mtengenezaji kabla ya mbebaji. Halmashauri nazo hutakiwa kutenga asilimia 10 ya mapato ya ndani kwa mikopo, asilimia 4 ikiwa ya vikundi vya wanawake. Sehemu ya fedha hiyo ingelipia usajili wa alama, na nyingine ingekiwezesha kikundi kuhifadhi vikapu vyake hadi Oktoba, papa potwe wanapoanza kuleta wageni Kilindoni, mji mkuu wa kisiwa, badala ya kuviuza kwa mchuuzi wa kwanza anayesubiri chombo cha kwenda bandari ya Nyamisati, ng'ambo ya pili.