Picha ya Kitambulisho Chako Haifai Kubaki Saiba

Mtu akitapeliwa kwa simu, swali la kwanza huwa: alimpa nani PIN? Mimi naona kuna swali lingine tunalisahau. Picha ya kitambulisho chake iko wapi?

Chukua mama anayeuza omena pale Dunga. Anataka akaunti ya biashara ili malipo ya wateja yasichanganyike na pesa za nyumbani. Tovuti inamwambia apakie picha ya kitambulisho, mbele na nyuma, na ya uso wake. Simu nyingi za sasa hupiga picha ya MB 4 au 5. Ya kwanza inapanda hadi asilimia 90, mtandao unayumba, ukurasa unamwambia ajaribu tena. Anaanza upya, kutoka sifuri. Akirudia mara tatu, karibu MB 15 za bando zimeenda na hana kitu mkononi.

Atafanya nini? Atapanda boda hadi mjini, atatuma picha zote kwa WhatsApp ya kijana wa saiba, atamlipa, kisha atarudi kwa omena zake. Kazi imeisha. Lakini picha zimebaki kwenye simu ya yule kijana, na nakala nyingine iko kwenye kompyuta ambayo watu ishirini watakalia kabla ya jioni. Kijana anaweza kuwa mwaminifu kabisa. Na wale ishirini je? Mwenye picha ya kitambulisho chako na ya uso wako anaweza kujaribu kusajili laini au kuomba mkopo kwa jina lako.

Kumwambia huyu mama "kuwa makini" ni sawa, ila fomu yenyewe ndiyo iliyompeleka saiba. Nilisomea mauzo, si kompyuta, na tulifundishwa kuhesabu wateja wanaoiacha fomu njiani. Mama huyu hatahesabiwa hapo. Kwenye ripoti ataonekana kama mteja aliyejisajili vizuri bila shida yoyote! Ndiyo maana tatizo hili halionekani ofisini.

Dawa yake ipo, na si ngumu. Picha ipunguzwe ndani ya simu kabla ya kuondoka. KB 300 zinaweza kutosha kabisa kusoma namba ya kitambulisho. Itumwe kwa vipande, ili mtandao ukikatika kipande cha saba kiendelee kilipoachia cha sita. Tena faili haihitaji kupitia seva ya kampuni. Seva inaweza kuipa simu yako linki maalum ya dakika chache, kwa faili hiyo moja tu, na simu ikaiweka picha moja kwa moja kwenye hifadhi ya wingu. Muda ukiisha, linki imekufa.

Wingu lenyewe, bana, si la angani. Ni kompyuta za kukodi. Amazon ilianza kukodisha hifadhi yake ya S3 Machi 2006, mwaka mmoja kabla ya M-Pesa kuzinduliwa hapa kwetu. Kwa miaka mingi kumekuwa na visa vya kampuni kuziacha hifadhi zao wazi, mtu yeyote mwenye linki akachungulia. Tangu Aprili 2023 hifadhi mpya za S3 hufunguliwa zikiwa zimefungiwa umma. Za zamani hazikubadilishwa. Mwenyewe ndiye wa kwenda kukagua mlango wake.

Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inakupa haki ya kuambiwa taarifa zako zinatumika kwa kazi gani, na ya kuomba zifutwe zikiwa hazihitajiki tena. Si sheria ya kabatini. Septemba 2023 Kamishna wa Data aliipiga shule moja faini ya shilingi 4,550,000 kwa kuchapisha picha za watoto bila idhini ya wazazi. Kwa hivyo uliza kampuni yoyote, hata hii yetu: picha yangu mnaiweka wapi, na mtaifuta lini?

Na kama saiba haiepukiki, kalia kompyuta mwenyewe. Usitume picha kwa simu ya mtu. Ukimaliza, toka kwenye akaunti, futa faili pale zilipohifadhiwa na pia kwenye pipa la kompyuta, ndipo ulipe.