Mahindi Tele, Watoto Wadumavu

Mwanafunzi anayechukua shahada ya lishe Chuo Kikuu cha Sokoine, pale Morogoro, huulizwa mara nyingi kama anasomea upishi. Asiyeuliza hivyo humwomba ratiba ya chakula cha kupunguza kitambi. Maswali yenyewe hayana ubaya, ila yamebeba dhana iliyokwenda mbali kuliko baraza za mtaani: kwamba lishe ni orodha ya vyakula vizuri, na msomi wake ni mtu wa kuwasomea wenzake orodha hiyo. Dhana hiyohiyo imo katika namna halmashauri nyingi zinavyowatumia wahitimu hawa. Hupewa kipaza sauti siku ya maadhimisho, bango la makundi ya vyakula, na nusu saa ya kuwahimiza akina mama wale mboga za majani. Hoja yangu ni kwamba hicho ndicho kidogo kabisa anachojifunza mwanafunzi wa lishe. Akifundishwa sawasawa, anatoka chuoni na ustadi wa kutafuta chanzo, na nchi inayomgeuza mhubiri wa mlo kamili imelipia kitu isichokitumia.

Ushahidi wa kwanza uko Nyanda za Juu Kusini. Utafiti wa Demografia na Afya wa mwaka 2022 ulikuta asilimia 30 ya watoto wa Tanzania walio chini ya miaka mitano wamedumaa, yaani ni wafupi kuliko umri wao unavyotaka. Iringa ilikuwa na asilimia 57. Njombe na Rukwa zilikaribia 50. Na hii ndiyo mikoa inayojaza maghala ya nchi kwa mahindi, maharage na viazi. Anayedhani utapiamlo ni jina jingine la njaa hukwama hapa. Mwanafunzi wa lishe hakwami, kwa sababu amefundishwa kulitazama bakuli la uji kwa hesabu. Mtoto wa miezi kumi mwenye kilo nane ana tumbo linalobeba takriban mililita 240 kwa mara moja. Mbali na maziwa ya mama, anahitaji kama kilokalori 300 kwa siku kutoka katika chakula kingine. Uji mwepesi wa sembe, ule unaonyweka kwa kikombe, una unga kama sehemu moja kati ya kumi na uliobaki ni maji, hivyo bakuli zima halifikishi hata kilokalori 100. Akinyweshwa asubuhi na jioni, kila mara ameshiba na bado ana upungufu, na hapo hatujagusa protini, madini ya chuma wala zinki. Uji ukisongwa mzito, hamezi. Suluhisho moja lilichunguzwa hapahapa Tanzania miaka ya 1980: unga kidogo wa kimea ukitiwa katika uji mzito huulainisha bila kuongeza maji, maana vimeng'enya vyake huvunja wanga. Wapika pombe ya kienyeji walikijua kimea hicho zamani sana. Chuo kiliongeza hesabu tu.

Lakini upelelezi hauishii bakulini. Kwa nini mtoto alishwe mara mbili na si mara nne? Kwa sababu ni msimu wa palizi, mama ameondoka alfajiri, na mdogo ameachwa na dada yake wa miaka minane ambaye haruhusiwi kuwasha moto. Kwa nini mama hapunguziwi kazi hata akiwa na mimba ya miezi saba? Na gunia la mahindi likiuzwa, fedha inaingia mfuko wa nani, na nani anaamua inunue mayai au simu? Maswali haya yamepangwa katika mchoro mmoja ambao kila mwanafunzi wa lishe duniani huukariri: juu sababu za karibu, ambazo ni chakula na maradhi, katikati malezi, huduma za afya, maji na upatikanaji wa chakula nyumbani, chini kabisa mambo ya uchumi, siasa na mila. UNICEF iliuchapisha mwaka 1990. Kisichokumbukwa sana ni kwamba mchoro huo ulipikwa Iringa. Mwaka 1983 Tanzania, UNICEF na Shirika la Afya Duniani, kwa fedha za Italia, walianzisha mpango wa lishe katika vijiji vya mkoa huo. Watoto walipimwa uzito kijijini, wanakijiji wakazisoma namba wenyewe, wakajadili sababu, wakachukua hatua, kisha wakapima tena. Utapiamlo mkali wa uzito pungufu ulishuka kwa zaidi ya nusu katika miaka michache. Mkoa uliowapa walimwengu mchoro huo ndio leo unaoongoza kwa udumavu nchini, na sioni mfano bora zaidi wa kuonyesha kwamba kazi hii haifanywi mara moja ikaisha.

Wapo watakaosema watu wa mikoa hii ya baridi ni wafupi kwa asili, kwa hiyo takwimu hizi zinawaonea. Pingamizi hili lina jibu thabiti. Kati ya 1997 na 2003, watoto wa Brazil, Ghana, India, Norway, Oman na Marekani walionyonyeshwa vizuri na kukulia katika mazingira salama walifuatiliwa ukuaji wao. Mtoto wa Muscat na mtoto wa Oslo walirefuka karibu sawa katika miaka ya mwanzo. Viwango vya Shirika la Afya Duniani vya mwaka 2006, ambavyo kliniki zetu zinavitumia, vilitokana na kazi hiyo. Mwanafunzi hujifunza pia jinsi ya kutodanganywa na kipimo. Mtoto wa chini ya miaka miwili hupimwa akiwa amelala juu ya ubao, mtu mmoja akishika kichwa na mwingine akinyoosha magoti, kwani akisimamishwa hupungua kama milimita saba. Kwa msichana anayekaribia miaka miwili, mpaka wa udumavu uko karibu na sentimita 80. Goti lililokunjwa kidogo linatosha kumvusha mpaka mtoto mzima, na kuharibu takwimu za kata.

Pingamizi la pili, kwamba yote ni umaskini, lina ukweli nusu. Utafiti wa Demografia na Afya wa 2015–16 ulikuta udumavu wa asilimia 40 katika familia maskini zaidi, lakini hata zile zenye uwezo mkubwa zaidi zilikuwa na karibu mtoto mmoja kati ya watano. Fedha husaidia, ila haisomi yenyewe kinachokosekana. Familia inaweza kula maharage kila siku na kuyasindikiza kwa chai ya rangi, ambayo huzuia sehemu kubwa ya madini ya chuma yasifyonzwe mwilini. Chungwa badala ya kikombe hicho lingefanya kinyume chake.

Hoja inayonisumbua zaidi ni nyingine, na inatoka ndani ya taaluma yenyewe. Mwaka 2018 yalitolewa matokeo ya jaribio kubwa la Bungoma, Kakamega na Vihiga, Kenya, lililoanza na wajawazito zaidi ya 8,000. Baadhi ya kaya zilipewa klorini ya maji, vyoo bora na vifaa vya kunawia mikono, nyingine ushauri wa ulishaji pamoja na kirutubisho cha ziada. Maji, vyoo na kunawa havikuongeza urefu wa watoto. Kirutubisho na ushauri viliongeza, kidogo tu. Kwa anayeamini mchoro wa 1990 kama msahafu, hilo ni pigo. Kwangu mimi ndilo somo lenyewe: mshale uliochorwa kwenye karatasi ni dhana ya kupimwa mahali husika. Tazama hata wimbo wa "kula dona, acha sembe". Ni kweli dona lina nyuzinyuzi na vitamini B zaidi. Ila mahindi yakiota ukungu, sumukuvu hukusanyika zaidi kwenye pumba na kiini, sehemu zilezile ambazo sembe huziondoa. Mlipuko wa sumukuvu wa mwaka 2016 uliua watu Dodoma na Manyara. Kabla ya kumwambia mtu ale dona, mtaalamu anapaswa kuuliza mahindi yalikaushwa wapi.

Serikali haijakaa kimya. Desemba 2017 wakuu wa mikoa walitia saini mkataba wa lishe mbele ya Samia Suluhu Hassan, wakati huo Makamu wa Rais, na halmashauri zikatakiwa kutenga shilingi 1,000 kwa kila mtoto aliye chini ya miaka mitano. Kiasi hicho ni bei ya mayai machache, na itakuwa kichekesho kudhani kitamlisha mtoto mwaka mzima. Lakini kwa halmashauri yenye watoto 30,000 ni shilingi milioni 30, fedha ya kutosha kufanya uchunguzi wa maana badala ya semina na posho. Nitaambiwa kwamba maafisa lishe ni wachache, hawawezi kuzunguka vijiji vyote. Ndiyo sababu hasa ya kutowapotezea siku kwenye maadhimisho. Katika mpango ule wa Iringa mizani ilisomwa na wanakijiji. Mtaalamu alihitajika kwenye swali la "kwa nini".

Kwa hiyo, Mkurugenzi wa halmashauri, kabla hujaidhinisha bango jingine la makundi ya vyakula, mpe afisa lishe wako pikipiki, kata moja na miezi mitatu ya msimu wa palizi. Mtake arudi na jibu la kwa nini watoto wa kata hiyo wamedumaa, kisha lipeleke jibu hilo kwenye baraza la madiwani siku ya kupanga bajeti.