Gavana Aliondoka, Kiti Chake Kikabaki

Novemba 1951, serikali ya Waingereza ya Tanganyika iliwatoa kwa nguvu Wameru wapatao 3,000 kwenye mashamba na malisho yao ya Ngare Nanyuki na Leguruki. Nyumba zilitiwa moto. Watu wakaswagwa pamoja na mifugo yao hadi Kingori, bondeni kwenye joto na malaria, na ng'ombe wengi wakafa. Yote hayo ili nchi ile ikatwe mashamba 13 ya walowezi!

Wapo wanaoisimulia habari hii kama ukatili wa maofisa wachache. Sikubali hata kidogo. Maofisa wale walikuwa na karatasi mkononi. Jaji Mark Wilson alikwisha kupendekeza katika ripoti yake kwamba eneo lile wapewe Wazungu. Nyuma ya ripoti ilikuwapo Sheria ya Ardhi ya 1923, iliyotangaza kuwa ardhi yote ya Tanganyika, yenye watu na isiyo na watu, ni ya umma na iko chini ya Gavana. Na nyuma ya hiyo, amri ya Wajerumani ya 1895. Mtu aliyezaliwa pale na kuwazika wazazi wake pale akageuzwa mgeni wa Gavana. Dhuluma ilitendeka ofisini, kwa wino. Moto ulikuja tu kukamilisha.

Wameru walilijua hilo, ndiyo maana fidia waliikataa. Wakachangishana fedha, wakamtuma Kirilo Japhet, akisaidiwa na wakili Earle Seaton, hadi Umoja wa Mataifa mwaka 1952. Kilio chao kilisikika, ila azimio la kuwarudishia nchi yao lilikosa theluthi mbili ya kura katika Baraza Kuu.

Na sisi je? Uhuru ulimwondoa Gavana, mamlaka yake tukayarithi mazima. Sheria za ardhi za 1999 bado zinasema ardhi yote ni ya umma, mdhamini wake Rais. Kabla ya hapo, ilibidi Mahakama ya Rufani, katika kesi ya Lohay Akonaay, itamke kwamba haki ya kimila ya ardhi ni mali inayolindwa na Katiba. Aliyesimama kuipinga haki hiyo alikuwa Mwanasheria Mkuu wa nchi huru. Nalisema hili kwa uchungu.

Tazama kifungu cha 4 cha Sheria ya Ardhi ya Vijiji. Serikali ikitaka ardhi ya kijiji isiyozidi hekta 250, mkutano wa kijiji unaweza kukataa. Ikizidi hapo, wanakijiji hutoa mapendekezo, kisha Waziri anaamua. Yaani kipande kidogo tunaulizwa, na nchi nzima ya watu tunaarifiwa! Kifungu hicho kifutwe. Mkutano wa kijiji upewe uwezo wa kusema hapana kwa hekta 5 na kwa hekta 50,000, na Waziri alazimike kuisikia.